Akaunti ya benki ilivyomzuia mdogo wangu kwenda kwa daktari Ujerumani

Dar es Salaam. Simu ya mdogo wangu iliingia saa nne usiku, mwishoni mwa Novemba. Alikuwa Leipzig, Ujerumani, mwezi wake wa pili tangu aondoke nyumbani kwenda kusoma shahada ya uzamili. Sauti ilikuwa imekauka na alikuwa akikohoa kila baada ya maneno matatu.

“Dada, homa leo siku ya tatu. Nameza panadol tu.”

Nilimuuliza kwa nini hajaenda kwa daktari wakati ana bima ya afya, maana chuo kisingemsajili bila bima. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia ukweli. Bima ilikuwa imemwandikia barua mbili. Ya kwanza ilitaka namba ya akaunti ya benki ili michango ikatwe kila mwezi. Ya pili ilimkumbusha kuwa mchango wa kwanza umechelewa. Akaunti hakuwa nayo, hivyo aliogopa kwamba akienda hospitali ataandikiwa bili ambayo mama hataimudu.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na nimewahi kuandika sababu nyingi zinazowachelewesha watu kwenda hospitali. Usiku ule niliongeza moja ambayo sikuwahi kuifikiria.

Hofu yake haikuwa na msingi. Sheria ya Ujerumani inasema anayedaiwa michango ya miezi miwili na kuonywa bila kulipa ndiye anayesimamishiwa huduma, na hata huyo bado hutibiwa ugonjwa wa ghafla na maumivu. Kesho yake alikwenda, akaonyesha kadi, akatibiwa. Lakini yeye hakujua, na sisi nyumbani hatukujua.

Ndiyo maana naandika makala haya. Wazazi wengi tunahangaika kutafuta fedha za kumpeleka mtoto nje, tukiamini zikishapatikana kazi imekwisha.

Fedha ipo, lakini haishikiki

Mwanafunzi anayejilipia masomo Ujerumani huthibitisha uwezo wake wa kuishi kwa kuweka fedha kwenye akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto, kabla ya kupewa viza. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya Sh30 milioni. Fedha hizo hufungiwa humo na mwanafunzi hupewa euro 992 kila mwezi.

Mama alizipata kwa kuuza kiwanja cha Kisarawe na kuongezea mkopo wa kikoba. Akaunti tulifungua kwa mtandao tukiwa hapahapa Dar es Salaam, kwa pasipoti na barua ya chuo. Fedha zilipofika zilikuwa pungufu kwa euro chache, kwa sababu benki za njiani zilikata ada zao. Hatukupewa cheti cha uthibitisho mpaka tulipotuma pungufu ile, na tukalipa ada upya.

Kumbe kwenye fomu ya benki kuna sehemu inayouliza nani alipe gharama za kutuma. Ungechaguliwa mtumaji alipe zote, na kiasi kidogo kikaongezwa juu kwa tahadhari, tusingepoteza wiki mbili.

Jambo kubwa zaidi tuliloshindwa kulielewa ni hili: Sperrkonto si akaunti ya kutumia. Haina kadi ya kununulia mkate. Zile euro 992 hazitoki mpaka mwanafunzi awe na akaunti nyingine ya kawaida, iitwayo Girokonto, ambayo namba yake, IBAN, huanza na herufi DE na ina tarakimu na herufi 22. Kodi ya chumba, bima na simu hulipwa kupitia namba hiyo.

Kwa hiyo mama alikuwa na zaidi ya Sh30 milioni Ujerumani, na mwanawe hana nauli. Akawa anamtumia kidogo kidogo kwa huduma za kutuma fedha nje, anazipokea dirishani kwa pasipoti, na kila mara makato.

“Kwani huko hakuna wakala?” mama aliniuliza siku moja. Kwetu unasajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na muda si mrefu unapokea fedha. Kumweleza kwamba nchi tajiri kiasi kile inasubiri barua ya posta kulinichukua muda.

Bila anwani, bila akaunti

Benki ya kwanza aliyokwenda ilimtaka alete cheti cha kusajili makazi. Ujerumani kila anayehamia nyumba anatakiwa kujisajili kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, akiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mwezi wa kwanza mdogo wangu alilala hosteli ya wasafiri, ambako hawakumpa karatasi hiyo. Wenye vyumba nao walikuwa wakimuuliza fedha ya dhamana ataituma kutoka akaunti gani.

Alizunguka hivyo mwezi mzima. Hakuna aliyemwambia kwamba tangu mwaka 2016 sheria ya Ujerumani, iliyotokana na agizo la Umoja wa Ulaya la 2014, inampa kila anayeishi kihalali kwenye Umoja huo haki ya kufungua akaunti ya msingi, Basiskonto, hata kama hana makazi ya kudumu. Maombi yakikamilika, benki ina siku 10 za kazi za kujibu. Ikikataa lazima ieleze sababu, na mwombaji anaweza kulalamika BaFin, mamlaka inayosimamia benki.

Novemba alipata chumba, akajisajili, akafungua akaunti. Tukashangilia mapema. Kadi huja kwa barua moja na namba ya siri kwa barua nyingine, siku tofauti. Barua zote mbili zilirudishwa zilikotoka, kwa sababu kwenye sanduku la barua la nyumba ile kulikuwa na jina la mpangaji aliyehama. Tarishi wa kule anaangalia jina. Halipo, anaondoka na barua yake.

Kipande cha karatasi chenye jina na gundi ndivyo vilivyokosekana. Homa ilimkuta akisubiri barua zitumwe upya.

Mjomba na fedha ya gari

Akaunti ilipoanza kufanya kazi likaja jaribu lingine, na hili lilitoka nyumbani.

Mjomba wetu anauza vipuri vya magari. Alikuwa na mteja aliyetaka kumlipa kwa euro, akamwomba mama namba ya akaunti ya mtoto. Fedha ingeingia kule, mdogo wangu angeitoa na kumkabidhi mtu mwingine, na angebaki na kidogo kwa usumbufu.

“Dada, ni siku moja tu. Mtoto naye atapata ya sabuni,” mjomba alisema.

Simwiti mjomba mwizi. Lakini mteja wake hatukumjua, wala aliyekuwa akabidhiwe fedha. Kuwatumia wanafunzi wageni kupitishia fedha ni mbinu inayojulikana ya matapeli Ulaya, na mara nyingi huja kama kazi rahisi ya mtandaoni: pokea, tuma mbele, baki na asilimia kadhaa. Fedha ikigundulika ni ya wizi, anayeulizwa na polisi ni mwenye jina kwenye akaunti. Kutakatisha fedha ni kosa la jinai, benki inaweza kufunga akaunti, na mgeni huhatarisha hata kibali chake cha kuishi.

Mama alikataa. Mjomba alinuna, na Krismasi hakuja kula kwetu. Haikuwa rahisi kwa mama, kwani huyo ndiye kaka yake pekee. Alichoniambia ni kwamba kiwanja ameshauza, hawezi kuuza na mtoto.

Mzazi, fanya haya kabla hajapanda ndege

Hakikisha ana mahali pa kufikia ambapo mwenye nyumba atamsainia karatasi ya kujisajili. Muulizeni hilo kabla ya kulipia chumba.

Mpe fedha taslimu za kumtosha wiki kadhaa za mwanzo, kwani za Sperrkonto hazitatoka siku anayotua.

Baadhi ya benki za mtandaoni hazidai cheti cha makazi mwanzoni, lakini si zote zinazokubali kila pasipoti kwa uhakiki wa video. Aulize mapema kama ya Tanzania inakubaliwa.

Siku ya kwanza chumbani abandike jina lake kwenye sanduku la barua.

Bima ikimwandikia, ajibu barua hata kama akaunti bado. Aeleze kwamba anasubiri. Deni la michango likiachwa linaweza kumletea shida hata ya kujisajili muhula unaofuata.

Akague makato kila mwezi. Aliyeruhusu makato kwenye akaunti yake bado ana wiki nane za kuiomba benki irudishe fedha akiona kuna kosa.

Viza ikikataliwa, tunza barua ya kukataliwa, maana ndiyo inayotumika kudai fedha za Sperrkonto zirudishwe.

Na namba ya akaunti ya mtoto isigeuzwe kuwa ya ukoo.

Deni la kikoba mama bado analipa. Kila mwanzo wa mwezi hupiga simu Leipzig, na kabla hata ya kuuliza mtoto amekula nini huuliza mambo mawili: “Imeingia?” na “Bima wamekata?” Akijibiwa ndiyo mara mbili, ndipo huanza salamu.