Mpira na Daftari: Neno kwa Vijana wa Isiolo

Isiolo, mji ulio yapata kilomita 285 kaskazini ya Nairobi, ni mji wa makabila mengi, na kandanda huyakutanisha yote. Jua likishapoa, Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hulifukuza gozi moja vumbini, na wanapoitana wapeane pasi huitana kwa Kiswahili. Wazazi wengi wa huko, kama sisi wa Pwani, huutazama mchezo huo kwa jicho la shaka. Husema mpira humpotezea mtoto masomo. Wana haki ya kuhofu, lakini liko jambo la kuwaeleza.

Zipo nchi ambako mpira na masomo hufungwa katika mzigo mmoja. Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa mwaka 1999, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Somalia. Familia ilihamia Marekani angali mtoto. Akasoma sekondari mjini Seattle, kisha akakichezea Chuo Kikuu cha Washington misimu miwili, 2016 na 2017. Januari 2018 klabu ya Seattle Sounders ikampa mkataba. Mkenya mwengine, Philip Mayaka, alikuwa kiungo wa Chuo Kikuu cha Clemson. Mwaka 2021, vilabu vya ligi kuu ya Marekani vilipochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, yeye alitajwa wa 3, akachukuliwa na Colorado Rapids.

Msimu wa vyuo huko huanza mwishoni mwa Agosti. Kwanza timu hucheza ligi za makundi yao. Novemba timu 48 huingia katika mashindano ya mtoano, na bingwa hupatikana Disemba. Ni miezi michache yenye mechi nyingi na safari ndefu, na katika miezi hiyo hiyo mchezaji yumo darasani. Alama zikishuka chini ya kiwango hawekwi uwanjani, hata awe hodari namna gani. Na kabla hajapokelewa katika daraja la kwanza, hutakiwa awe amemaliza masomo 16 ya sekondari kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4.

Wala asidhani mtu kwamba kila mchezaji husoma bure. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu nzima ya wanaume ya daraja hilo haikuruhusiwa kupewa zaidi ya ufadhili 9.9. Kocha aliukata vipande: huyu nusu ya ada, yule robo. Mwenye alama nzuri aliweza kujaziliwa pengo kwa ufadhili wa masomo. Daftari likamlipia pale mguu ulipokomea.

Tarehe 12 Disemba 2021, fainali ya vyuo ilizikutanisha timu hizo hizo mbili, Clemson na Washington, mjini Cary, North Carolina. Clemson ikashinda 2-0. Bwana na Mayaka walikuwa wamekwisha kuondoka. Ndivyo timu za vyuo zilivyo: wachezaji huja na kupita. Wachache huajiriwa na vilabu, na walio wengi hurudi katika kazi nyingine za dunia. Hao, tuzo yao ni shahada.

Basi kijana wa Isiolo mwenye tamaa ya njia hiyo na aikumbuke Novemba. Mwezi ambao wenzake wa ng'ambo wanawania kombe, yeye wa kidato cha nne yumo katika mtihani wa taifa, na mtihani huo ndio mechi yake ya kwanza ya mtoano. Mwalimu anayemtoa darasani muhula mzima ili shule ipate kikombe amemdhulumu. Na mzazi anayeuchoma mpira wa mwanawe naye azingatie: alasiri ni ya uwanja, asubuhi na usiku ni vya kitabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kijana huyu atainama mara mbili, mara moja kufunga kamba za viatu, na mara ya pili juu ya daftari lake.