Wanaovuka bahari kusomea mbegu

Nilipokuwa mdogo, mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya meko, yakipigwa moshi hadi msimu wa mvua. Hakuna mtoto aliyethubutu kuyagusa, hata njaa ikiuma vipi. Siku hizi jikoni mwa wengi wetu hamna mbegu. Mvua ikikaribia ni mbio dukani, na bei ikipanda mkulima hana la kufanya ila kulipa.

Huenda basi msomaji ukashangaa kusikia kwamba kuna watu wanaopanda ndege kwenda kufundishwa kazi hiyo ya jikoni. Wengine huenda shamba la Navdanya, karibu na mji wa Dehradun, kaskazini mwa India. Navdanya maana yake ni mbegu tisa. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1987 na Vandana Shiva, mama aliyesomea fizikia. Udongo wa shamba hilo ulikuwa umechoshwa na mikalitusi. Sasa hupandwa mamia ya aina za mpunga. Mwaka 2001 kilifunguliwa chuo hapo, Bija Vidyapeeth, yaani chuo cha mbegu.

Wanafunzi hulala huko huko shambani na hufanya kazi za mikono pamoja na masomo. Asiyetaka kuchafuka asijisumbue kukata tikiti! Yanayofundishwa si miujiza. Mbegu huchaguliwa mmea ukiwa bado shambani, wala si kutoka kwenye gunia. Maharagwe hujichavusha yenyewe, hivyo hayana taabu. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na ya jirani yakiwa karibu, mbegu yako huchanganyika. Yale ya chotara nayo ukiyapanda tena, watoto hawafanani na mzazi. Mbegu zikishakauka vizuri huchanganywa na jivu au majani makavu ya mwarobaini.

Mwarobaini huo uliwahi kuzua kesi. Kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipewa hataza Ulaya ya kutumia mafuta yake kuua ukungu wa mimea. Shiva na wenzake wakapinga, wakisema wakulima wa India waliyajua hayo tangu jadi. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa 2005.

Kwetu mambo yalikuwa mazito zaidi. Chini ya sheria iliyorekebishwa 2012, kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kungeweza kumpeleka mkulima jela miaka miwili, au atozwe faini ya hadi shilingi milioni moja. Mama aliyempa jirani kibaba cha kunde alikuwa hatarini! Wakulima 15 walikwenda mahakamani 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Asiye na nauli ya India aulizie Gilgil, ambako shirika la Seed Savers Network huwafunza wakulima kazi hii. Lakini atakayefika Dehradun atakutana na mgeni anayemfahamu: wimbi, ambalo wenyeji huliita mandua. Nafaka hiyo ilitoka pande zetu hizi za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Hata hivyo asitie punje mfukoni wakati wa kurudi. Bila kibali cha KEPHIS, mbegu haziingii nchini.