Laini Zaidi, Gumu Zaidi, Pana Zaidi: Rekodi za Tairi la Baiskeli ya Mlimani

Mwaka 2013, huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Greg Minnaar alishuka mlima wa mji aliozaliwa akitetea taji lake la dunia la mbio za mteremko. Alipokaribia mwisho wa njia, tairi la nyuma likaishiwa upepo. Hakusimama. Aliendelea kukanyaga hadi akavuka mstari, na saa ikaonyesha kwamba amempita Mick Hannah wa Australia kwa chini ya nusu sekunde.

Katika orodha hii ya rekodi nauweka ushindi huo mbele, kwa sababu unaeleza jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau wakifika dukani. Tairi linaloshika njia vizuri halikufai kitu likichanika, na tairi lisilochanika halikufai kitu likikutupa kwenye kona. Sifa hizi mbili zinagombania mpira uleule na uzito uleule. Rekodi zinafundisha kwa sababu zinaonyesha mahali ambapo mmoja wa wagombanao hao alipewa kila kitu.

Mbio kongwe

Tarehe 21 Oktoba 1976, katika kaunti ya Marin, California, kundi la vijana lilishindana kushuka njia ya vumbi waliyoiita Repack. Baiskeli zao zilikuwa za Schwinn na za aina yake, nyingi za miaka ya 1930 na 1940, zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Njia ilishuka kama mita 400 ndani ya kilomita tatu na kidogo, na joto la breki liligeuza grisi kuwa moshi, ikabidi ijazwe upya baada ya kila mshuko. Rekodi ya njia ile ni ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22. Joe Breeze anamfuata kwa sekunde mbili.

Matairi yao yalikuwa na upana wa inchi 2.125, kipimo ambacho Schwinn ilikiingiza katika soko la Marekani mwaka 1933 kwenye baiskeli za watoto. Tazama tairi la kisasa la njia za mlimani: inchi 2.4, 2.5, kwa nadra 2.6. Miaka tisini imeongeza upana usiofika hata nusu inchi. Kilichobadilika hasa ni mpira wenyewe na nyuzi zilizo chini yake, na huko ndiko pesa ya mnunuzi inakopaswa kwenda. Anayechagua tairi kwa kuangalia upana na umbo la meno tu amesoma jalada la kitabu.

Laini kuliko yote

Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A. Namba ikipanda, mpira ni mgumu zaidi. Mpira wa kawaida wa matairi ya Maxxis ulikuwa 60. Ule wa mbio za mteremko, uliouzwa kwa jina la Super Tacky, ulikuwa 42, na ukiubonyeza kwa ukucha alama inabaki kidogo kabla ya kufutika.

Kubaki huko kwa alama ndiko kunakotakiwa. Mpira laini hujibana kwenye chembe za jiwe na kuingia katika mianya yake midogo. Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba hurudi polepole. Mpira mgumu ukigonga mzizi uliolowa huruka kama mpira wa watoto, na kwa sehemu ndogo ya sekunde gurudumu linakuwa hewani, ambako hakuna breki wala usukani. Mpira unaorudi polepole humeza pigo na kubaki chini. Gharama yake ni nzito. Nguvu ileile inayomezwa kwenye mzizi humezwa pia ukipanda mlima, hivyo miguu yako ndiyo inayolipa, na meno hulika upesi, hasa kwenye mawe makavu.

Watengenezaji walitafuta suluhu kwa kuweka tabaka: mpira mgumu chini ili jino lisimame wima, laini juu ili lishike. Siku hizi kampuni nyingi huuza tairi lilelile, lenye meno yaleyale, katika mchanganyiko wa mpira wa aina mbili au tatu, na bei hutofautiana sana. Mnunuzi asiyesoma maandishi madogo ubavuni mwa tairi anaweza kurudi nyumbani na kitu tofauti kabisa na alichokikusudia.

Hapa msimamo wangu hauyumbi: mbele weka mpira laini kadiri mfuko unavyoruhusu, nyuma weka ulio mgumu hatua moja zaidi. Gurudumu la nyuma likiteleza, mwendeshaji hucheza na kiuno chake na mara nyingi huokoka. La mbele likiteleza, umeshaanguka kabla hujajua. Na ni la nyuma linalobeba uzito mwingi, linalosukuma wakati wa kupanda na kuburutwa breki inaposhikwa, kwa hiyo mpira laini ukiuweka huko unautupa. Watu wengi hununua jozi inayofanana kwa sababu inapendeza macho. Macho hayaendeshi baiskeli.

Lililodumu sokoni

Matairi ya mlimani huja na kupotea kama mitindo ya nguo, lakini Minion DHF ya Maxxis, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, bado inauzwa na bado inashinda. Umbo lake ni rahisi: meno ya katikati yaliyokatwa mshazari upande wa mbele ili yasizuie mwendo, meno makubwa ya pembeni yaliyopangwa kwenye mstari mmoja mrefu, na baina yake mfereji ulio wazi. Ukiilaza baiskeli vya kutosha, meno ya pembeni huuma udongo ghafla na kwa nguvu. Usipoilaza, unabaki juu ya ule mfereji na tairi linaelea.

Mwaka 2018 kampuni hiyohiyo ilitoa Assegai, tairi lililobuniwa pamoja na Minnaar na kupewa jina la mkuki wa kwao. Mfereji umejazwa meno ya kati, kwa hiyo hakuna pengo unapoanza kuilaza baiskeli. Linakwenda kwa uzito zaidi, hilo halina ubishi. Hata hivyo, kwa mtu ambaye bado anajifunza kuiamini baiskeli kwenye kona, ningelichagua hili mbele bila kusita, kwa sababu halimdai ujasiri ambao hajaupata. Minnaar mwenyewe alitwaa taji lake la nne la dunia mwaka 2021 huko Val di Sole, Italia, akiwa na miaka 39.

Gumu kuliko yote

Mwaka mmoja baada ya Pietermaritzburg, huko Leogang, Austria, tairi la nyuma la Aaron Gwin wa Marekani lilipasuka na kuchomoka kwenye rimu katikati ya mbio za Kombe la Dunia. Alimaliza njia juu ya rimu tupu. Hakushinda mbio, lakini wapenzi wa mchezo huu bado wanaukumbuka mshuko ule kuliko ushindi mwingi wa mwaka ule. Yeye na Minnaar walikuwa na matairi ya mbio za mteremko, na bado yakashindwa. Huo ndio mpaka wa ugumu.

Ugumu wa tairi hauko kwenye meno. Uko kwenye nyuzi zilizofumwa chini ya mpira na ubavuni. Tairi la njia za kawaida huwa na tabaka moja la nyuzi ubavuni, pamoja na utando wa kuzuia kuchanika, na katika gurudumu la inchi 29 huwa na uzito wa karibu kilo moja. La mteremko huwa na tabaka mbili kamili na hufika kilo moja na robo au zaidi. Kati ya hizo mbili kuna daraja la katikati, lililozaliwa na mbio za enduro ambako mtu hupanda mwenyewe kisha hushuka akipimwa kwa saa. Sehemu nyingi za dunia, daraja hilo la katikati likiwekwa nyuma linatosha.

Mtu wa kilo 60 anayeendesha kwenye udongo mwekundu laini akifunga matairi ya mteremko anajitesa bure. Mtu wa kilo 95 anayeruka mawe akifunga tairi jepesi atashinda siku nzima akiziba. Uzito wako, kasi yako na mawe ya kwenu, mambo hayo matatu ndiyo yachague nyuzi, na nyuzi zichaguliwe kabla ya meno. Wanaogonga rimu mara kwa mara huingiza pia mviringo wa povu ndani ya tairi. Husaidia sana, ila kulibandua tairi njiani kunakuwa kazi ya mikono miwili na uvumilivu.

Pana, haraka, juu

Rekodi hizi zinavutia zaidi kuliko zinavyofundisha, kwa hiyo nazipitia upesi. Matairi mapana kuliko yote yanayouzwa ni ya theluji na mchanga, na kampuni ya Vee imefikisha inchi 5.05. Ni matairi manene ya jamii hiyo yaliyomfikisha Maria Leijerstam wa Uingereza kwenye Ncha ya Kusini tarehe 27 Desemba 2013 juu ya baiskeli ya magurudumu matatu. Kwenye vijia vyenye kona kali, unene huo hudundadunda na kukunyima habari za ardhi.

Kasi ni ya Mfaransa Eric Barone: kilomita 227.72 kwa saa kwenye theluji ya Vars, Machi 2017. Mwaka 2002 alishuka changarawe za volkano ya Cerro Negro, Nikaragua, akafika kilomita 172 kwa saa kabla baiskeli haijavunjika chini yake. Alipona kwa neema.

Urefu kutoka usawa wa bahari unatuhusu zaidi, maana mlima mmoja ni wetu. Wajerumani Gil Bretschneider na Peer Schepanski waliendesha kwenye Muztagh Ata, China, mwaka 2009, hadi mita 7,211. Kwetu, binamu Richard na Nicholas Crane wa Uingereza walipandisha baiskeli Kilimanjaro na kuchapisha kitabu chao mwaka 1985. Mwaka 2016 Hans Rey na Danny MacAskill walipita Mlima Kenya kwanza, kisha Kilimanjaro hadi kileleni, mita 5,895. Mpanda baiskeli wa Moshi ana hesabu moja ya kufanya. Hewa ya kileleni ina karibu nusu tu ya mgandamizo wa pwani, hivyo tairi ulilolijaza chini litakuwa gumu zaidi juu, kama psi 6 hivi, ingawa baridi hupunguza sehemu ya ongezeko hilo. Pima tena kabla ya kushuka, na ikibidi toa upepo kidogo.

Siku ya mvua kubwa

Champéry, Uswisi, Septemba 2011. Mvua, mizizi, mteremko unaofanana na ngazi. Danny Hart wa Uingereza, kijana wa miaka 19, alishinda taji la dunia kwa pengo la sekunde 11.699, katika mchezo ambao bingwa hupatikana kwa sehemu za sekunde. Siku kama hizo ndizo za tairi la miiba, lenye meno marefu yaliyotawanyika ili tope lisipate pa kujishikiza. Mafundi wa mbio huyapunguza meno hayo kwa koleo asubuhi ya mashindano kulingana na kina cha tope. Ukilipeleka tairi hilo kwenye jiwe kavu, meno yanapinda na wewe unaelea.

Kinyume chake ni Megavalanche ya Alpe d'Huez, Ufaransa, iliyoanza mwaka 1995. Mbio huanza kwenye barafu ya mlima, mita 3,330, na kuishia Allemont, mita 720. Theluji, mawe, nyasi, msitu, vyote kwa tairi moja. Mwenye kijia cha kila aina nyumbani kwake ajifunze kwao: meno ya wastani, nyuzi nene.

Adui mdogo kuliko wote

Mwiba wa mgunga umesimamisha baiskeli nyingi kuliko mawe yote ya Austria. Anayeendesha Hell's Gate, karibu na Naivasha, anajua: unashuka kupiga picha twiga, unarudi tairi limelala. Mwaka 1999 Mavic, Michelin na Hutchinson walileta mfumo wa tairi lisilo na tyubu, na baadaye ukaja ute wa kuziba unaomiminwa ndani, ambao hukimbilia tundu na kuganda. Kwa njia zenye miiba sijaona badiliko lenye manufaa zaidi katika historia ya baiskeli hii. Bila tyubu unaweza pia kupunguza upepo bila kuogopa tyubu kubanwa na rimu. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, psi 22 mbele na 25 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila ute hukauka, na joto letu huukausha mapema zaidi. Ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Jipya kuliko yote

Mwaka 2024 Schwalbe ya Ujerumani ilitoa matairi ya mlimani ambayo nyuzi zake zimelazwa kwa pembe nyingine, zikikaribia kukata tairi kwa upana badala ya kupishana mshazari. Tairi linakuwa jepesi kujikunja juu ya jiwe dogo, na kampuni inadai eneo linalogusa ardhi huongezeka kwa hadi asilimia 30. Nyuzi hizo huhitaji upepo mwingi kidogo kuliko uliouzoea. Bei yake ni kubwa. Kama una pesa ya tairi moja tu la aina hiyo, lifunge mbele. Lile la mbele la zamani lihamishie nyuma, baada ya kuyapindisha meno yake ya pembeni kwa kidole gumba na kuangalia mizizi yake. Ukiona nyufa hapo, usilihamishe, hata kama katikati bado linaonekana jipya.