Jambo Huwekwa Nuruni

Kijana wa ushirika akimpenda msichana, haendi kwanza kwa msichana mwenyewe. Humwendea mzee wa ushirika, mara nyingi jioni, na wakishakunywa chai husema, "Mzee, naona Bwana ameniongoza." Mzee hampongezi wala hamkatalii. Humwuliza: tangu lini? Umemwambia nani mwingine? Kuna deni la mtu ulilo nalo, au binti mwingine uliyempa ahadi? Kisha humwambia, "Tutaliweka nuruni." Basi kijana anajua kwamba jambo lake limeshatoka mikononi mwake. Wazee wa upande wake watakutana na wa upande wa binti, wataomba, wataulizia nyumbani kwa wote wawili. Miezi inaweza kupita. Wengine wamechoka kungoja wakaoa kivyao, na wapo waliomshukuru Mungu baadaye kwamba walizuiwa.

Huu ndio utaratibu wa ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, wale ambao Uganda wanaitwa Balokole, yaani waliookoka. Chimbuko lake ni Gahini, Rwanda, palipokuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na urafiki wa watu wawili: daktari Mwingereza Joe Church na Simeoni Nsibambi wa Buganda, waliokutana Namirembe, Uganda, mwaka 1929 wakakaa kusoma Biblia pamoja. Katika miaka ya 1930 moto huo ulivuka mipaka. Timu za wahubiri zilifika Kenya mwaka 1937, na Tanganyika uliwashika Walutheri wa Bukoba sawasawa na Waanglikana. Watu walirudisha ng'ombe, fedha na vifaa vya kazini walivyokuwa wameiba, na mabwana wa mashamba hawakujua waseme nini.

Ila mahali pa kuwaona vizuri ni kwenye mkutano wa juma, ambao baadhi ya vikundi huufanya Alhamisi. Hakuna mimbari. Mtu husimama pale alipokaa, husema "Wapendwa, Bwana asifiwe," huitikiwa, kisha hueleza juma lake. Mama anayeuza maziwa atasema kwamba Jumatatu aliongeza maji kwenye dumu, akasumbuka usiku kucha, na asubuhi akamrudia mteja kumwambia. Hapo wote huinuka wakaimba wimbo wao wa Tukutendereza Yesu, wakamshika mkono. Lakini sikiliza pia ushuhuda unaporefuka, msemaji akianza kusimulia dhambi za jirani na ushindi wake mwenyewe. Mzee mmoja pembeni huanzisha wimbo uleule, taratibu, wengine wakadaka, na msemaji hana budi kuketi. Sijaona kanisa lenye njia ya upole zaidi ya kumnyamazisha mtu, wala iliyo kali zaidi.

Hivyo utambuzi wa mapenzi ya Mungu kwao haukuwa kipawa cha mtu mmoja aliyefunuliwa. Neno la Mungu kwa fulani lilipaswa kupita mbele ya watu wanaomjua: wanaojua anavyomsemesha mke wake, na kama amelipa alichokopa dukani. Nadhani hii ndiyo sababu walidumu. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri kinyume cha amri ya wakuu. Wangeweza kuanzisha dhehebu lao. Hawakufanya hivyo, wakabaki katika kanisa lililowatoa nje. Kenya, wakati wa Mau Mau, wengi walikataa kula kiapo, na kati yao walikuwepo waliokataa pia kushika bunduki ya serikali. Wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi wakauawa. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977, alikuwa ameokoka katika uamsho huu mwaka 1948.

Si kwamba waliweza kubaki pamoja kila mahali. Nyanza, Kenya, mvutano juu ya uamsho ulizaa kanisa jipya la Matthew Ajuoga mwishoni mwa miaka ya 1950. Uganda, kundi la Abazukufu lilijitenga na ndugu wenzao likidai wengine wamepoa. Kwao hata kukopa fedha kulikuwa dhambi. Na kuweka mambo nuruni kuna upande wake mchungu. Penye macho mengi, kuulizana kunaweza kugeuka upelelezi. Wapo mabinti waliosimamishwa katika ushirika kwa ajili ya mtindo wa nywele, na vijana waliojifunza kukiri vidhambi vidogo ili vikubwa visiulizwe. Wazee wenye busara hulijua hili. Ndiyo maana mzee wa kweli hukiri wa kwanza.

Siku hizi vijana wa mijini wanao manabii wa kuwaambia kwa dakika tatu nani atawaoa, kwa sadaka inayotumwa kwa simu. Baadhi yao bado huja Alhamisi, wakaleta ufunuo huo kwa wazee kama jambo lililokwisha. Wazee hawabishani na nabii ambaye hawajamwona. Huomba tu aletwe, aketi majuma machache miongoni mwao, na awe wa kwanza kueleza juma lake lilivyokwenda.