Saa chache Singida: Namna ya kuutembelea mji kwa miguu bila kuachwa na basi

SINGIDA haina bahari, na meli za kitalii zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa haziwezi kuufikia mkoa huo. Hata hivyo, kila siku mji wa Singida hupokea wageni walio katika hali ileile ya abiria wa meli hizo: wana saa chache tu za kukaa, hawana mwenyeji wa kuwaongoza, na chombo kinachowachukua hakitawasubiri.

Wageni hao ni abiria wa mabasi. Mji huo uko takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, katika barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Nzega, Shinyanga, Mwanza na nchi jirani za Rwanda na Burundi. Hapo ndipo pia barabara ya kutoka Arusha kupitia Babati na Katesh inapokutana na barabara hiyo, hivyo wapo wanaoshuka Singida ili kubadili basi.

Wengi wao hukaa saa nzima nzima juu ya mizigo yao kituoni, kisha huondoka wakiwa hawajaona hata moja ya maziwa mawili yaliyoupakana mji huo. Kinachowazuia si uvivu, bali ni hofu ya kuachwa.

Hofu hiyo ina msingi. Mwishoni mwa Machi 2024, abiria 8 wa meli moja ya kitalii walichelewa kurejea bandarini baada ya matembezi katika kisiwa cha São Tomé, magharibi mwa Afrika. Meli iling'oa nanga bila wao. Iliwalazimu kuifuata kwa kupitia nchi kadhaa, hadi walipoipata Dakar, Senegal, mapema mwezi Aprili.

Abiria wa basi aliyeachwa Singida hatavuka mipaka ya nchi, lakini naye atapoteza nauli, pengine na mizigo iliyotangulia bila mwenyewe. Kwa sababu hiyo, matembezi ya saa chache huhitaji kupangwa, na mpango wenyewe hauanzi na orodha ya mambo ya kutazama. Huanza na saa ya kuondoka, kisha huhesabiwa kwa kurudi nyuma.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha saa yenyewe. Tiketi iliyoandikwa 10:00 kwa utaratibu wa saa 24 humaanisha saa 4 asubuhi. Anayeisoma kwa haraka na kudhani kuwa ni saa 10 alasiri atafika kituoni baada ya basi kuondoka kwa saa 6. Abiria wa meli nao hukabiliwa na jambo linalofanana na hilo, kwani saa ya melini huweza kutofautiana na saa ya nchi wanayoshukia. Dawa ni moja: kumuuliza mhusika kwa maneno, na kuandika jibu lake.

Baada ya hapo hufuata hesabu. Tuseme msafiri ameshuka saa 3 asubuhi, na basi lake la pili litaondoka saa 8 mchana. Anazo saa 5. Aondoe saa 1 ili awe amerejea kituoni mapema, nusu saa ya kutafuta mahali salama pa kuacha mizigo, na nusu saa ya chakula. Zitabaki saa 3.

Saa hizo 3 zisitumike zote kwa mwendo. Theluthi moja iwekwe akiba kwa ajili ya kupumzika kivulini, kuuliza njia, kupiga picha au kujikinga na mvua ya ghafla. Kwa hiyo mwendo wenyewe ni wa saa 2. Mtu anayetembea bila haraka humaliza kilomita 4 hivi kwa saa, na hivyo safari nzima ya kwenda na kurudi isizidi kilomita 8.

Maana yake ni kwamba mahali pa mbali kabisa anapoweza kufika ni kilomita 4 kutoka alikoanzia. Ikitimia saa 1 ya mwendo, hana budi kugeuka, hata kama hajafika alikokusudia. Kanuni hiyo ya kugeuka ndiyo inayomlinda, kwa kuwa wengi wa wanaoachwa na vyombo hawakuchelewa kuondoka, bali walichelewa kugeuka.

Swali linalofuata ni umbali uliopo kati ya kituo na mji wenyewe. Bandari za Afrika Mashariki zinatoa mfano mzuri. Mjini Zanzibar, abiria wa meli akitoka tu getini huwa tayari yuko kando ya Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mombasa ni tofauti: gati za Kilindini ziko upande wa magharibi wa kisiwa, ilhali Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iko upande wa mashariki. Atakayetembea kwa miguu kutoka melini atamaliza nguvu na muda kabla ya kuanza kuona alichokifuata.

Singida inafanana zaidi na Mombasa. Kituo cha mabasi cha Misuna hakiko katikati ya mji, hivyo ni busara kuchukua bodaboda au bajaji hadi sokoni, baada ya kupatana nauli, na kuanzia matembezi hapo. Muda wa kwenda na kurudi kwa chombo hicho nao utolewe katika zile saa 3, kabla ya kupima mwendo wa miguu.

Uzuri wa mji huo ni kwamba maumbile yenyewe humwongoza mgeni. Ziwa Singidani liko upande wa kaskazini na Ziwa Kindai upande wa kusini. Anayejua ni ziwa lipi analitazama hawezi kupotea kwa muda mrefu. Katikati yake na kandokando kumetapakaa mawe makubwa ya itale, mengine yakiwa yamebebana kana kwamba yamepangwa kwa mikono.

Kwa mwenye saa 2 za mwendo, ushauri ni kuchagua ziwa moja na si yote mawili. Singidani ndilo kubwa zaidi, na anayelichagua ataona maji mapana, upepo mkali wa nyanda za juu na ndege wa majini. Maziwa hayo ni ya chumvi, na miongoni mwa ndege wanaoonekana huko ni heroe, ambao wengi huwaita flamingo, pamoja na mwari. Hata hivyo, ndege hao huja na kuondoka kufuatana na kiasi cha maji na chakula, hivyo asiwepo wa kulaumiwa siku wasipoonekana.

Zipo tahadhari kadhaa. Ukingo wa ziwa ulionyauka huonekana mgumu, lakini chini ya ukoko mweupe huweza kuwapo tope laini linalomeza mguu. Ni vema kupita palipo na nyayo za watu na mifugo. Kadhalika, ndege wasirushiwe mawe ili waruke wapigwe picha, kwani kila mruko wa hofu huwapotezea nguvu wanayoitafuta majini siku nzima.

Mawe nayo huvutia kupandwa, lakini kushuka ni kugumu kuliko kupanda, na mtu aliyeteguka mguu hana hesabu ya muda inayoweza kumsaidia. Jua la mchana ni kali, na upepo huficha ukali wake. Kofia na chupa ya maji ni mizigo ya lazima. Kuanzia Desemba hadi Machi, mvua huweza kugeuza njia za udongo kuwa utelezi, na hapo akiba ya muda iongezwe.

Matembezi pia yanaweza kuwa somo la historia. Singida ulikuwa sehemu ya Jimbo la Kati kabla ya kuwa mkoa mwaka 1963. Anayetaka kuanza mazungumzo na wenyeji anaweza kuulizia Uwanja wa Liti, ambao wakazi wengi waliuzoea kwa jina la Namfua. Jina la Liti ni la mwanamke wa Kinyaturu, Liti Kidanka, ambaye simulizi za wenyeji humkumbuka kwa kuwapinga Wajerumani kwa silaha ya nyuki.

Simulizi hiyo haielezwi vizuri na kibao cha barabarani. Huelezwa na mzee aliyeketi kivulini, akiamkiwa kwanza kwa heshima na kuulizwa bila papara. Hapo ndipo msafiri asiye na mwongozaji anapompata mwongozaji, na ndiyo sababu theluthi ya muda huachwa bila kazi maalumu. Vilevile, hakuna mtu anayepaswa kupigwa picha kabla ya kuombwa ruhusa, na majengo ya Serikali na ya ulinzi yasipigwe kabisa.

Sokoni kuwe kituo cha mwisho na si cha kwanza. Singida inajulikana kwa mafuta ya alizeti, asali, vitunguu na kuku wa kienyeji. Anayenunua mapema atazunguka na dumu la mafuta juani, na mzigo huo utampunguzia mwendo aliokwishauhesabu. Anayenunua akirejea atakuwa na nafasi ya kuonja asali, kukagua mfuniko wa dumu na kupatana bei akiwa ametulia.

Kabla ya kuondoka kituoni, yapo mambo manne ya kukamilisha. Mizigo iachwe katika ofisi ya kampuni ya basi, na mwenye mizigo apewe stakabadhi. Fedha, nyaraka na dawa abaki nazo mwenyewe. Aandike kwenye karatasi namba ya gari na namba ya simu ya kondakta au wakala, kwa kuwa simu huweza kuzima. Mwisho, amweleze mtu mmoja wa ofisini anakokwenda na saa atakayorudi.

Utaratibu huu haumfai abiria ambaye basi lake limesimama kwa dakika 20 tu za chakula. Huyo asithubutu kuvuka barabara. Unamfaa anayebadili basi, au aliyekata tiketi yake kwa vipande viwili kwa makusudi ili apate nusu siku mjini. Tangu Serikali ilipoyaruhusu mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio la miaka mingi, mpango wa namna hiyo umekuwa rahisi zaidi.

Jambo hili halimhusu msafiri peke yake. Reli ya kisasa, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imepangwa kuelekea Tabora kupitia Manyoni na Itigi, na mji wa Singida haumo katika njia hiyo. Mji utaendelea kuwategemea wanaopita kwa barabara. Anayebaki ndani ya basi humwachia muuzaji wa dirishani bei ya chupa moja ya maji. Anayeshuka na kutembea saa 2 hugawa fedha zake kwa dereva wa bajaji, mama lishe, muuza asali na mkamuaji wa alizeti.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa saa 5 naye ni mgeni, ilimradi ajue kuigawa saa yake na kugeuka wakati ungalipo.