Foronya na Dhahabu: Lisbon kwa Miguu

Wahenga waliposema kwamba mtembezi hula miguu yake walikusudia kumkemea mzururaji asiye na shughuli, lakini nadhani methali hiyo haikutungwa na mtu aliyepata kufika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, uliojengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, ambao mgeni akiutazama kwa dirisha la gari huambulia mapaa na kuta tu, ilhali siri zake zimewekwa katika ngazi, vichochoro na mawe ya njia. Sisi tulikuwa wanne, wawili wa Mombasa, mmoja wa Unguja na mmoja wa Tanga, tuliokutana huko mwezi wa Machi kwa ahadi ya siku nyingi, tukiwa na siku tatu kamili na fedha za kuhesabu. Kwa hiyo tuliafikiana tangu mwanzo mambo mawili, kwamba tutalala hosteli, na kwamba hatutapanda chombo mpaka miguu ikatae.

Yafaa kueleza hosteli ni kitu gani, maana kwetu neno hilo aghalabu humaanisha bweni la wanafunzi. Katika Ulaya ni nyumba ya wageni ambamo msafiri hakodi chumba bali kitanda: watu sita, wanane au zaidi, wasiojuana, hulala chumba kimoja katika vitanda vya ghorofa, na bafu, jiko na sebule ni mali ya shirika. Asili ya nyumba hizo ni miguu hiyo hiyo. Mwaka 1909 mwalimu mmoja wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alikuwa katika matembezi ya siku kadhaa na wanafunzi wake, wakakumbwa na mvua ya radi, wakapata hifadhi katika shule na kulala juu ya majani makavu. Katika usiku huo ikamjia fikira kwamba vijana waendao kwa miguu wastahili kupata malazi rahisi kila baada ya masafa ya siku moja, na mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa ndani ya ngome kongwe ya Altena.

Nyumba ya namna hiyo ina adabu zake, na asiyezijua huwa adha kwa wenzake. Chukua kufuli yako mwenyewe kwa ajili ya kabati, ndara za kuogea, na vizibo vya masikio, kwani katika kila wanane hapakosi mkoromaji, na kwa bahati mbaya mkoromaji wa chumba chetu alikuwa mmoja wetu. Atakayeondoka alfajiri hufunga mzigo wake usiku, asije akawaamsha watu kwa mchakacho wa mifuko ya plastiki. Na mwenye chakula katika jokofu hukiandika jina, la sivyo hukihesabu kuwa ni sadaka.

Usiku wa kwanza kijana wa mapokezi alimkabidhi kila mmoja wetu shuka mbili na mfuko wa mto, akiutaja mfuko ule kwa Kireno: *fronha*. Mwenzetu wa Unguja aliuliza mara mbili, kisha akacheka mpaka akaketi. “Jamani, foronya! Bibi yangu hana neno jingine.” Tangu hapo jiko la hosteli likawa darasa. Tulipouliza jina la meza tukajibiwa *mesa*. La kopo, *copo*. La bendera, *bandeira*. La leso, *lenço*. Neno lililotunyamazisha kidogo lilikuwa *igreja*, yaani kanisa, ambalo wajuzi wa lugha husema ndilo asili ya gereza letu. Kwa Wareno ni nyumba ya sala, na kwetu limekuwa nyumba ya kifungo.

Siku ya kwanza tuliitumia katika Baixa, mji wa bondeni, ambao njia zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Unyoofu huo una sababu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, wakati makanisa yamejaa watu na mishumaa inawaka, ardhi ilitetemeka kwa nguvu isiyopata kuonekana. Waliokimbilia ukingo wa mto wakakutwa na mawimbi makubwa, na waliobaki wakakutwa na moto. Waziri wa mfalme, aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, akaujenga upya mtaa huo kwa njia pana zinazokatana sawasawa, na majumba yenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili yayumbe bila kuanguka. Njia zikapewa majina ya kazi na bidhaa: hii ya dhahabu, ile ya fedha, nyingine ya mafundi viatu, Rua dos Sapateiros, jina ambalo anayejua kwamba wazee wetu waliita kiatu chepesi sapatu hana haja ya kutafsiriwa.

Hapo ndipo msafiri hujifunza kutazama chini. Njia za waendao kwa miguu zimetandikwa vijiwe vya mraba, vyeupe na vyeusi, vilivyochongwa na kupangwa kwa mkono. Katika uwanja wa Rossio vimefanyizwa mawimbi, na atazamaye kwa muda mrefu huona kana kwamba uwanja unakwenda. Vijiwe hivyo, kwa kukanyagwa miaka mingi, vimelainika kama sahani, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Mmoja wetu wa Mombasa, aliyekuja na viatu vya soli ya ngozi kwa ajili ya picha, aliteremka mtaa mzima ameshika ukuta, na kesho yake akanunua viatu vya mpira.

Siku ya pili tulipanda Alfama, mtaa ambao tetemeko halikuuvunja sana, kwa hiyo umebaki na umbo lake la zamani. Mtu wa Mji Mkongwe, Lamu au Unguja, akiingia humo hahitaji kiongozi: vichochoro ni vyembamba kiasi cha mtu kuegemea ukuta ili mwenye mzigo apite, nguo zimeanikwa juu kwa juu, na akina mama wazee wanaongea dirisha kwa dirisha. Ramani ya simu ilitupoteza mara tatu, kwa kuwa haikutofautisha njia na ngazi. Bibi mmoja aliyekuwa akimenya viazi mlangoni ndiye aliyetuelekeza kwa kisu. Jina lenyewe ni Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji ya moto, ndugu wa neno letu hamamu. Kwani Waislamu waliutawala mji huu kwa karne nne na zaidi, mpaka mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques alipouteka kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba, nao Waislamu waliosalia wakatengewa mtaa chini ya kilima, ambao hata leo huitwa Mouraria.

Siku ya tatu ilikuwa ya Belém, kiasi cha kilomita sita kutoka uwanja mkubwa wa mtoni. Tulifuata ukingo wa maji asubuhi, tukapita chini ya daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1966, ambalo magari yakipita juu yake huvuma kama mzinga wa nyuki, tukafika tumechoka na kujiliwaza kwa vikeki vya maziwa na mayai vinavyouzwa hapo tangu mwaka 1837, vikinyunyiziwa mdalasini. Kutoka pwani hiyo Vasco da Gama aling'oa nanga mwaka 1497, akafika Mombasa na Malindi mwaka uliofuata. Na kaburi lake limo katika kanisa la Jerónimos, jengo lenye nakshi za kamba na matumbawe, lililojengwa kwa ushuru wa bidhaa zilizotoka Afrika na Mashariki. Tulisimama mbele ya sanduku lake la mawe, wana wa pwani wanne wenye miguu yenye malengelenge, na hapana aliyekuwa na neno.

Neno lilipatikana wakati wa kurudi. Mmoja alikwisha kuomba tupande tramu, tukakubaliana kwanza tupumzike katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale lililo njiani. Humo, nyuma ya kioo, kimewekwa chombo cha ibada cha dhahabu, chenye mitume kumi na wawili waliopiga magoti, kila mmoja mdogo kama kidole. Ni kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente, iliyokamilika mwaka 1506. Kitakoni pamechorwa maandishi ya kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa. Quiloa ni Kilwa. Na kodi hiyo Vasco da Gama, katika safari yake ya pili mwaka 1502, alimlazimisha mtawala wa kisiwa hicho kuilipa kwa vitisho vya mizinga. Tulilisoma jina lile herufi kwa herufi, pua zetu zikigusa kioo, mpaka mlinzi akatukoholea.

Asubuhi ya kuondoka, kama ilivyo desturi ya hosteli, kila mgeni alivua matandiko yake na kuyatia katika kapu lililoko ukumbini. Mwenzetu wa Unguja aliikunjua foronya yake, akaipima kwa mikono miwili, akauliza kama haifai kuchukuliwa fidia ya dhahabu ya Kilwa. Kisha akaiachia ianguke kapuni. “Hii,” alisema, “tunayo nyumbani.”