Kiharusi Kidogo na Kupona Kunakodanganya

Ni maradhi machache yanayomrudishia mgonjwa uzima wake upesi kama kiharusi kidogo. Mkono unakataa kushika kikombe, mdomo unapinda, ulimi unakuwa mzito hata maneno yanatoka yamekorogeka, au jicho moja linaingia giza. Watu wa nyumbani wanashtuka. Mmoja anakimbilia maji, mwingine anaanza kusoma dua. Kabla hawajakubaliana la kufanya, mkono umeshafunguka na mgonjwa mwenyewe anauliza mbona wanamkodolea macho. Chai inaendelea kunywewa. Hoja yangu ni kwamba kurejea huko kwa haraka, kunakomfurahisha kila mtu, ndiko kunakoyafanya maradhi haya yalemaze na kuua watu ambao wangeweza kuokolewa kwa vidonge vya bei nafuu. Kazi ya kupona huanza pale dalili zinapokwisha.

Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake, na hauna ghala la kuweka akiba. Bonge dogo la damu likitoka moyoni, au likimeguka kwenye mshipa wa shingo ulioziba kwa mafuta, kisha likakwama kichwani, sehemu inayolishwa na mshipa ule huanza kuzimika ndani ya dakika chache. Katika kiharusi kikubwa bonge hubaki hapo hapo. Katika kile kidogo, mwili huliyeyusha au damu hupata njia ya pembeni, na sehemu iliyozimika ikazinduka. Kwa miaka mingi madaktari waliweka mpaka wa saa 24: dalili zikiisha kabla ya hapo, waliamini hakuna kilichokufa. Mashine za MRI zilikuja kuivuruga imani hiyo. Takriban theluthi moja ya watu ambao dalili zao zilikwisha kabisa walionekana wakiwa na doa jipya la ubongo uliokosa damu mpaka ukafa. Ndiyo sababu mwaka 2009 wataalamu wa Chama cha Moyo cha Marekani waliacha kupima kwa saa, wakasema kinachohesabika ni kama kuna tishu iliyokufa au la. Mgonjwa anayejiona mzima, basi, hana namna ya kujua kwa kujitazama kwenye kioo kwamba ubongo wake umetoka salama.

Kwamba dalili hizi za kupita ni onyo si habari mpya. Mwaka 1951 Miller Fisher, daktari wa Kanada aliyepitia miaka ya kifungo cha vita Ujerumani baada ya meli yake kuzamishwa, aliandika kuhusu wagonjwa walioziba mshipa mkubwa wa shingo, akaonyesha kwamba kabla ya kupooza wengi wao walikuwa wamepata vipindi vifupi vya ganzi, udhaifu au giza la jicho moja. Kilichokosekana kwa nusu karne iliyofuata ni hesabu ya muda: onyo hilo linatangulia msiba kwa kiasi gani? Jibu lilichapishwa mwaka 2000 kutoka kaskazini mwa California, ambako watafiti waliwafuatilia watu 1,707 waliofika idara za dharura na kuambiwa wamepata kiharusi kidogo. Ndani ya siku 90, zaidi ya mmoja kati ya kila kumi alikuwa amepata kiharusi kamili, na nusu ya viharusi hivyo vilitokea katika siku mbili za mwanzo. Siku mbili! Huo ni muda ambao familia nyingi hutumia kujadili kama kuna haja ya kwenda hospitali, au kungoja mwisho wa mwezi, au kungoja mtoto mkubwa arudi safari.

Msomaji mwenye mashaka atauliza: kama hatari iko karibu hivyo, daktari ataizuiaje? Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ulitoka Oxford, Uingereza, katika utafiti ulioitwa EXPRESS, uliochapishwa mwaka 2007. Hapo awali mgonjwa wa kiharusi kidogo alipangiwa siku ya kliniki, akaonwa, kisha mapendekezo yakapelekwa kwa daktari wake wa karibu, naye ndiye aliyeandika dawa. Katika awamu ya pili kliniki ilifungua mlango bila miadi, na dawa zikaanza palepale. Muda wa kawaida kabla ya kupata dawa ya kwanza ulishuka kutoka siku 20 hadi siku 1. Viharusi vya mara ya pili ndani ya siku 90 vikashuka kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1. Jambo ninalotaka litazamwe sana ni kwamba hapakuwa na dawa mpya wala upasuaji wa ajabu. Walitumia aspirini na wenzake wa kuzuia damu isigande, dawa za kushusha mafuta ya kolesteroli na dawa za presha, vitu vilivyokuwa vikiuzwa siku zote. Kilichobadilika ni kalenda tu. Miaka sita baadaye utafiti wa China uitwao CHANCE, uliohusisha watu 5,170, ulionyesha kwamba kuchanganya aspirini na klopidogreli kwa siku 21, kuanzia ndani ya saa 24, kulipunguza viharusi kutoka asilimia 11.7 hadi 8.2 kuliko aspirini peke yake. Pia hapo, faida ilikuwa kwa aliyewahi.

Pingamizi la haki linafuata: Oxford si Namtumbo, wala si Garissa. Kwetu hospitali yenye CT-scan inaweza kuwa mbali, nauli ikawa shida, na gharama ya kipimo ikazidi pato la mwezi. Hilo ni kweli, lakini halifuti hoja, linaikaza. Zahanati inaweza kupima presha na sukari. Kituo cha afya kinaweza kusikiliza moyo, na penye kipimo cha umeme wa moyo kikagundua mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo hutupa mabonge ya damu kichwani na yanahitaji dawa tofauti na aspirini. Katika ukanda wetu kuna pia vijana wenye vali za moyo zilizoharibiwa na homa za utotoni zilizotokana na koo lisilotibiwa, na watoto wenye selimundu; hawa nao hupata viharusi, kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wa wazee. Kuna jambo moja tu ambalo halifai kubahatishwa nyumbani: kumeza aspirini wakati mkono bado hauna nguvu. Sehemu ya viharusi vya Afrika vinavyotokana na mshipa kupasuka ni kubwa kuliko ile ya Ulaya, na dawa inayozuia damu isigande itamwongezea madhara mtu anayevuja damu kichwani. Uamuzi huo ni wa mtaalamu, naye hawezi kuufanya kama hajamwona mgonjwa.

Wala tusijidanganye kwamba tatizo ni dogo kwetu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika maeneo ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata viharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, kiwango kilichopita kile cha nchi nyingi tajiri. Uchunguzi mwingine wa jamii hizo mbili, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuwa umeshaonyesha kinachochochea moto huo: chini ya mmoja kati ya watano wenye presha ya juu alijua kuwa anayo, na walioidhibiti hawakufika hata asilimia moja.

Kuna pingamizi jingine linalosemwa kwa sauti ya chini: kwamba kiharusi si ugonjwa wa hospitali. Mtafiti Gerry Mshana na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008, walikuta kwamba Dar es Salaam watu wengi walikihusisha kiharusi na mashetani au uchawi, ilhali Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Matokeo hayo yanashangaza kidogo, maana tumezoea kudhani mjini ndiko elimu iliko. Sioni faida ya kumkejeli anayeanza na dua au kwa mganga. Mtu aliyeona mkono wake ukifa na kufufuka ndani ya dakika kumi ana sababu ya kutafuta maelezo makubwa. Lakini kiharusi kidogo kinampa kila tabibu sifa asiyostahili. Ukipelekwa popote, kwa yeyote, utarudi umepona, kwa kuwa ulikuwa umeshapona njiani. Kwa hiyo kupona kwa mgonjwa huyu hakuthibitishi nguvu ya tiba yoyote ile. Dua isomwe ndani ya gari, gari likielekea hospitali.

Na kama ikionekana haikuwa kiharusi? Kweli, kipandauso, kifafa na kushuka kwa sukari huweza kuiga dalili hizi, na sehemu kubwa ya wanaopelekwa kliniki za kiharusi kidogo huko Ulaya hukutwa na kitu kingine. Hiyo si aibu wala hasara. Sukari iliyoshuka kiasi cha kumfanya mtu apoteze maneno nayo inataka tiba siku hiyohiyo.

Baada ya wiki za mwanzo kupita, hatari hubadili sura: inapungua lakini haiondoki, na hapa ndipo wengi huchoka. Utafiti wa PROGRESS wa mwaka 2001 uliwachukua watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi, kikubwa au kidogo, ukawapa baadhi yao dawa za kushusha presha kwa takriban miaka minne. Viharusi vilipungua kwa asilimia 28, na faida iliwafikia hata wale ambao presha yao haikuhesabiwa kuwa ya juu. Waliopewa dawa mbili kwa pamoja walipunguza kwa asilimia 43; kidonge kimoja peke yake hakikuonyesha faida ya wazi. Mgonjwa anayeuliza kwa nini kliniki imemwandikia vidonge viwili wakati jirani anameza kimoja ana jibu lake hapo. Lipo lalamiko lililozoeleka kwamba dawa za presha ni kifungo cha maisha, ukianza hutoki. Nalijibu hivi: kinachodumu maisha yote ni presha yenyewe, iwe inatibiwa au haitibiwi. Anayeacha vidonge kwa sababu anajisikia vizuri anasahau kwamba alijisikia vizuri pia usiku wa kuamkia siku ile ya kiharusi.

Jikoni nako kuna kazi. Katika vijiji 600 vya China, watu 20,995, wengi wao wakiwa wameshawahi kupata kiharusi, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Nusu ya vijiji vilitumia chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Viharusi vilipungua kwa asilimia 14 bila mtu kuacha mboga yake. Chumvi hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo, na madukani kwetu ni adimu, lakini funzo ni kwamba mabadiliko madogo ya kila siku yanapimika. Kwa wa pwani, papa na ng'onda waliokaushwa kwa chumvi ndio wa kutazamwa kwanza, kisha vile vipande vya mchuzi vya dukani ambavyo mpishi humwaga huku chumvi akiwa ameshatia.

Upande ambao madaktari huuharakisha mno, na ambao familia huuelewa vibaya zaidi, ni mabaki yasiyoonekana. Vitabu vya zamani viliahidi kwamba kiharusi kidogo hakiachi kitu. Wagonjwa walikuwa wakisema vingine, na sasa utafiti umewapa haki. Huko Uholanzi zaidi ya theluthi moja ya waliopimwa ndani ya miezi mitatu walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la kufikiri, kama kumbukumbu au kasi ya kushughulikia mambo. Kumbukumbu za madaktari wa Uingereza zinaonyesha kwamba watu hawa hurudi kulalamikia uchovu, wasiwasi na huzuni kuliko wenzao wa umri huohuo. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao REGARDS uliripoti mwaka 2025 kwamba waliopata kiharusi kidogo kwa mara ya kwanza walipungukiwa na uwezo wa kufikiri kwa kasi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wasiowahi kukipata. Kwa hiyo mama anayesahau hesabu za genge lake, au mwalimu anayechoka kabla ya kipindi cha tatu, hawajidekezi. Wanahitaji kupunguziwa mzigo kwa muda, kulala vya kutosha, kuandika mambo badala ya kuyategemea kichwani, na kurudi kazini kwa hatua. Uingereza inamkataza dereva kushika usukani kwa mwezi mzima baada ya kiharusi kidogo. Mwendesha bodaboda wetu hana sheria ya namna hiyo, lakini ubongo wake ni uleule.

Hofu nayo ina pande mbili. Kidogo yake humfanya mtu akumbuke vidonge. Ikizidi, humfungia ndani, akaacha kutembea, akakatazwa na watoto hata kuinua ndoo, na mwili unaokaa tu hupandisha presha na sukari zilezile zilizomleta hapo. Kutembea kwa nguvu nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa aliyeruhusiwa na daktari, ni sehemu ya matibabu. Kuacha sigara ni sehemu kubwa zaidi.

Ombi langu kwa msomaji linahusu siku ya kwanza. Kiharusi kidogo kikikupata wewe au mtu wako, ondokeni saa hiyohiyo, hata kama kila kitu kimerudi. Mkifika mapokezi msiseme kwamba mgonjwa alijisikia vibaya kidogo ila sasa yuko sawa, kwa maana mtawekwa mwisho wa foleni. Semeni jambo lenyewe na muda wake: mkono wa kulia uliishiwa nguvu saa moja asubuhi, akashindwa kusema kwa dakika kumi, tunaogopa ni kiharusi. Bebeni dawa anazotumia, na msiondoke kabla hajapimwa presha, sukari na moyo.